Alhamisi ya Mama Iliyoandikwa kwa Penseli

Vidole vya mama yangu vilinuka kitunguu saumu. Hata Ijumaa akitoka kuoga na kujifukiza udi, hata siku ya Idi akiwa na bangili zake za Tanga mkononi, ukimshika mkono tu unaikuta harufu ile iko pale pale. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba kila mwanamke huzaliwa na harufu yake. Bibi yangu alinukia iliki, shangazi alinukia dawa ya kuchua mgongo, na mama yangu alinuka kitunguu saumu, basi, ndivyo Mungu alivyogawa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile haikuwa harufu ya mama bali harufu ya cheo chake. Katika nyumba ya babu yangu, mtaa wa Overport, mjini Durban, jikoni kulikuwa na vyeo kama jeshini, na mama yangu kwa miaka kumi mizima alikuwa ameajiriwa kumenya vitunguu saumu na hakupandishwa cheo hata siku moja.

Tulikuwa watu kumi na mmoja na bafu moja. Babu na bibi, ambaye sote tulimwita Dadi, ndio waliokuwa wenye nyumba. Shangazi Zubeda, ambaye kwa Kigujarati tulimwita Foi, alifiwa na mume mapema akarudi kwao na masanduku mawili na maoni mengi. Baba Mkubwa Yusuf alikuwapo na mkewe Anti Shenaz na watoto wao watatu. Mwishoni kabisa, kwenye chumba kilichopakana na uwanja wa kuanikia nguo, tulikuwa sisi: baba yangu Ismail, mama yangu Mwanaidi, na mimi, Rukia, mtoto wao pekee. Baba alikuwa fundi wa mashine. Ujanani alitumwa Tanga miezi mitatu kufunga mitambo kwenye kiwanda cha katani, akarudi Durban na mke. Dadi hakupinga ndoa. Alimuuliza mkwewe kama anaswali, akajibiwa ndiyo, akamuuliza kama anajua kupika, akajibiwa ndiyo, na hilo la pili hakuliamini. Alikuwa amesikia kutoka kwa mtu, aliyesikia kutoka kwa mtu mwingine, kwamba watu wa pwani ile hutia nazi kwenye kila kitu. Akampa kisu kidogo na bakuli la vitunguu saumu, akamwambia aanzie hapo.

Asubuhi zetu zilianza kabla ya jua, kwa sauti ya ndara za Dadi zikiburuzwa kuelekea jikoni. Baada ya ndara ilifuata redio ya Babu, na baada ya redio vita vya bafu. Babu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia kwa kuwa ndiye mkubwa, ingawa alikuwa amestaafu na hakuwa na mahali pa kwenda, na ndiye aliyekaa humo muda mrefu kuliko wote. Sisi watoto wanne tulipanga mstari ukumbini na taulo zetu mabegani, na zamu ya kaka yangu Imran, mtoto mkubwa wa Baba Mkubwa, ikifika, Foi aligonga mlango kumkumbusha kwamba shampoo si sharubati. Kisha chai ya maziwa kutoka birika moja kubwa kama ndoo, mikate iliyopakwa siagi na wanawake wawili waliosimama kama kiwandani, na vibweta vinne vya chakula cha shule vilivyopangwa dirishani. Tukichukua kisicho chetu, hakuna aliyegundua, maana ndani vilikuwa sawa.

Chakula cha jioni kililiwa kwa awamu. Wanaume kwanza na mgeni kama yupo, kisha watoto, kisha wanawake, ambao walikula polepole na kwa kelele, wakiwa wamefunga mlango, na mpaka leo naamini walibakiza vipande vizuri. Sisi watoto tulikula kwenye sinia moja juu ya mkeka. Kabla ya bismillahi kila mmoja alichora mpaka wake kwa kidole, na mipaka ile iliheshimiwa kuliko ya nchi nyingi. Shida ilikuwa Jumapili, siku ya breyani. Breyani ya Durban hupikwa yote katika sufuria moja: chini nyama iliyolala kwenye mtindi, juu yake adesi, viazi na mayai ya kuchemsha, kisha wali na vitunguu vya kukaanga, halafu mfuniko unazibwa kwa unga uliokandwa na kila kitu kinaivia humo humo. Ikipakuliwa, kiazi kinazama ndani ya wali na hujui kiko wapi. Imran alikuwa na kipaji cha kuchimba kwa chini, kutoka upande wake mpaka upande wangu, huku wali wa juu ukiwa haujatikisika. Nililia Jumapili nyingi kwa sababu ya viazi.

Na nani apike siku gani, hilo liliandikwa. Nyuma ya mlango wa stoo ilining'inia kalenda ya bure kutoka duka la nyama, na kwenye kila kijisanduku Dadi aliandika jina kwa wino wa bluu. Jumatatu, Jumatano na Jumapili zilikuwa zake mwenyewe. Jumanne na Jumamosi zilikuwa za Foi. Alhamisi ilikuwa ya Anti Shenaz, na Ijumaa walipika wote pamoja, maana yake Dadi alipika na wengine walimpisha. Jina la mama yangu halikuwamo. Mama alipita mbele ya kalenda ile mara ishirini kwa siku akienda kuchukua vitunguu saumu, na kila mara aliitazama, kama mtu anayeangalia matokeo ya mtihani akidhani labda wameyarekebisha.

Mwaka ule nina miaka tisa, Anti Shenaz alikaribia kujifungua mtoto wa nne, na kwa desturi yao akaenda kwa mama yake, Isipingo, akajifungulie huko na akae siku arobaini. Alhamisi ikabaki wazi. Mama hakusema kitu siku ya kwanza wala ya pili. Siku ya tatu akajifunga kanga kiunoni, akaenda kumwomba Dadi zamu ile, kwa adabu zote. Dadi akamjibu, kwa adabu zote, kwamba asijisumbue, Alhamisi atapika yeye mwenyewe, mgongo ukimruhusu. Mama akarudi chumbani, akakaa kitandani, akamwambia baba kitu ambacho sijakisahau. Alisema amechoka kuwa mgeni wa miaka kumi. Alisema asipopewa Alhamisi, mwisho wa mwezi tunahamia South Beach.

Wazo la South Beach lilitoka kwa Mama Beatrisi, Mkongo aliyekuwa na saluni kule karibu na ufukwe. Mama alikwenda kwake kila Jumamosi kusukwa, lakini hasa alikwenda kuongea Kiswahili mpaka koo limkauke, maana nyumbani tuliongea Kiingereza cha Durban kilichotiwa Kigujarati cha Dadi, na Kiswahili kilikuwa cha chumbani kwetu tu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kukaushia nywele Mama Beatrisi alipomwambia: "Dada Mwanaidi, weye unateseka bure. Kwa immeuble yetu iko flat moja inabakia libre, etaji ya tisa. Lift inakufa kila siku, lakini cuisine itakuwa ya weye peke yako. Eish, hata ukiunguza ugali, ni ugali ya weye!" Mama alicheka, lakini nilimwona kwenye kioo akiifikiria hiyo nyumba tupu ya ghorofa ya tisa na jiko lake.

Mimi nilipatwa na hofu kubwa. Watoto wa siku hizi wakisikia watapata chumba chao na bafu lao hushangilia. Mimi niliona tunafukuzwa peponi. Nitachora mpaka na nani kwenye sahani ya peke yangu? Nitalala vipi bila kumsikia Babu akigombana na redio? Nilimpenda Dadi kwa moyo wote, na nilimpenda mama kwa moyo wote, na nilikuwa na umri wa kuamini kwamba jambo hilo ninaweza kulirekebisha.

Jumapili ile ilikuwa zamu yangu ya kumpaka Dadi mafuta kichwani. Alikaa kwenye kigoda, nami nimesimama nyuma yake na chupa ya mafuta ya nazi, ambayo kichwani aliyaruhusu. Nilimweleza yote. Nilimwambia kuhusu ghorofa ya tisa, na kuhusu lifti inayokufa, na nikaongeza vya kwangu: kwamba kule watu hawajuani, kwamba nitakula mkate peke yangu, kwamba baba atakonda. Dadi hakugeuka. Aliuliza tu, "Mama yako amesema hivyo kwa hasira au kwa utulivu?" Nikasema kwa utulivu. Akaniambia nimalize kumpaka mafuta.

Kesho yake asubuhi, kwenye kisanduku cha Alhamisi, palikuwa na jina la mama yangu. Lilikuwa limeandikwa kwa penseli.

Mama aliliona hilo la penseli, tena aliliona vizuri sana. Hata hivyo alilipapasa jina lile kwa vidole vyake vya saumu, akatabasamu, na siku tatu zilizofuata alitembea ndani ya nyumba ile kama bibi harusi. Akatangaza kwamba atapika biriani. Foi akauliza, breyani Alhamisi? Babu akasema yeye hana kipingamizi na breyani siku yoyote. Dadi naye, kwa kuwa mambo yakifanywa yafanywe ipasavyo, akaamua kwamba hicho ndicho chakula cha kwanza cha mkwe, na kwa desturi siku hiyo nyumba nzima hula pamoja, mfuniko hufunguliwa na mkubwa wa nyumba, na mpishi hukaa mezani akihudumiwa.

Alhamisi mama alijifungia jikoni tangu saa saba mchana. Harufu zilizotoka humo zilimtoa Babu chumbani mara nne. Dadi aliweka kiti chake nje ya mlango wa jikoni, tasbihi mkononi, akinusa. Alitambua mdalasini, akatikisa kichwa kukubali. Alitambua papai bichi, akakunja uso. Jua lilipozama mama akatoka, jasho linamtiririka, akasema kila kitu tayari, anakwenda kuoga, kuswali na kubadili nguo. Mlango wa chumba chetu ulipofungwa tu, Dadi akanyanyuka. Sitaki nimsingizie. Najua hakuingia kwa ubaya, maana nilimfuata nyuma na nikauona uso wake alipofunua sufuria ya kwanza.

Ndani mlikuwa na wali. Wali mtupu, mweupe na wa njano, wenye zafarani, punje moja moja. Dadi akazamisha mwiko mpaka chini, akaunyanyua, wali. Akafunua sufuria ya pili, akakuta nyama imelala kwenye mchuzi mzito wa vitunguu, imeiva, inang'aa, peke yake. Akakaa kwenye kigoda. Mkono ulimwenda kifuani. "Ruki," aliniambia, "mama yako amesahau kuipanga." Msomaji wa pwani ameshaanza kucheka, na ana haki. Lakini mimi nilizaliwa Durban, biriani ya Tanga sikuwahi kuiona, na nilipotazama sufuria zile mbili niliona kitu kimoja tu: mama yangu, kwa hofu ya siku yake ya kwanza, ameharibu, na mwisho wa mwezi tunapanda ghorofa ya tisa. Dadi alikuwa karibu kulia. "Maskini, ameogopa. Watamcheka. Zubeda atamcheka mpaka Idi." Kisha akakunja mikono ya gauni lake. Akaniambia nisimame mlangoni na nikimwona mama anatoka nikohoe.

Nilikohoa mara mbili bila sababu, kwa woga tu, na mara zote mbili Dadi aliduwaa na mwiko hewani. Ikabidi aniite nimsaidie. Nilimshikia sufuria kubwa kwa vitambaa viwili huku yeye akimimina nyama yote, mchuzi wote, juu ya wali wa mama yangu. Akageuza. Akaongeza adesi zilizobaki Jumapili. Akaziba mfuniko kwa unga, akawasha moto mdogo, akaficha sufuria ya pili ndani ya oveni. Tulitazamana kama majambazi waliofanikiwa. Akanibusu kwenye paji la uso akasema, "Hatutamwambia. Atadhani aliipanga mwenyewe akasahau." Nilimwona mwanamke mwema kuliko wote duniani, na mimi mwenyewe sikuwa mbali naye.

Baba Mkubwa alibeba sufuria mpaka mezani. Mama akaja amevaa gauni lake la kijani kutoka Tanga, akaketi alipoonyeshwa, kwenye kiti cha pembeni mwa Babu ambacho hakuwahi kukikalia. Babu akavunja unga, akafunua. Mvuke ukapanda, watu wakasema mashallah. Mama akatazama ndani. Aliitazama sufuria ile kama mtu aliyemwacha mtoto wake na nywele ndefu akamkuta amenyolewa. Babu alipakua, akaonja, akasema ni ya daraja la kwanza. Foi akaonja, akakosa la kusema, na kwa Foi hiyo ilikuwa medali. Baba Mkubwa akainua kidole gumba, akasema, "Sharp, Mwanaidi, kama ya Ma kabisa!" Ni baba yangu tu, ambaye aliwahi kula Tanga miezi mitatu, aliyetia tonge mdomoni akaacha kutafuna, akainua macho darini.

"Ruki," mama akaniuliza kwa Kiswahili, polepole sana, "nani ameingia jikoni?"

Nikakohoa. Sijui kwa nini, nilikohoa tu, kisha nikaangua kilio, na kila kitu kikanitoka: penseli, kigoda, vitambaa, oveni. Meza nzima ikasimamisha mikono. Dadi akataka kujua mtoto analia nini. Mwenye wajibu wa kutafsiri alikuwa baba, lakini baba alikuwa anatafuta chumvi, ambayo ilikuwa mbele yake. Ikabidi nitafsiri mwenyewe. Nikasema, Dadi, mama hakusahau. Kwao wali hupikwa mbali na nyama hupikwa mbali.

"Kwa makusudi?" Dadi akauliza.

"Ndiyo, Dadi."

"Wakati vyote viwili vipo?"

"Yaani vimepeana talaka," alisema Baba Mkubwa, na Foi akamkanyaga mguu chini ya meza, kwa mara ya kwanza maishani akimtetea mama yangu. Mama alisimama. Akamwambia baba, bila kupandisha sauti, kwamba Jumamosi atakwenda kuiona ile flat. Nilijua basi, imekwisha, na nimeivunja nyumba hii kwa mikono yangu na vitambaa viwili.

Dadi alisukuma kiti chake akatoka. Tulisikia ndara zikienda stoo, tukasikia kitu kikitunguliwa mlangoni. Akarudi na kalenda nzima mikononi. Akasogeza bakuli la achari, akailaza mezani, akamnyooshea Babu mkono, na Babu akampa kalamu kutoka mfukoni mwa shati. Akaandika jina la mama yangu kwa wino juu ya ile penseli. Akaandika Alhamisi iliyofuata. Akafunua ukurasa, akaandika tena, na tena, Alhamisi zote mpaka Desemba, polepole, herufi zake kubwa za kizamani, huku chakula kikipoa. Bibi yangu hakuwahi kumwomba mtu msamaha, na siku ile pia hakuomba. Alipomaliza alimrudishia Babu kalamu yake, akamtazama mama.

"Leo sijala chakula chako," alisema. "Nimekula changu. Alhamisi ijayo mimi nitakaa sebuleni, na mlango wa jikoni ufunge kwa ndani."

Kisha Babu, ambaye mkono wake ulikuwa bado juu ya sahani, akauliza kwa unyonge, "Sasa hii tuendelee kuila, au?" Mama ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akakaa, akajifuta macho kwa vidole vile vile vya saumu, na machozi yakazidi. Jumamosi alipompelekea Mama Beatrisi habari, yule mama aligonga kitana mezani: "Kumbe weye haukuwa unatafuta flat. Ulikuwa unatafuta Alhamisi!"

Alhamisi iliyofuata biriani ya Tanga iliingia mezani katika sufuria mbili. Dadi alionja, akafikiri, akasema inakosa adesi. Kisha akamimina mchuzi wote juu ya wali wake akavurugavuruga, akaomba sahani ya pili. Alisema hivyo na alifanya hivyo kila mama alipoipika, miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Anti Shenaz aliporudi na mtoto wake hakuidai siku yake, alilala. Nasi watoto tuligundua kwamba viazi vilivyo ndani ya mchuzi vinaonekana, vinagawiwa, na uchimbaji wa Imran ukafa kifo cha kawaida.

Nyumba ile ya Overport imeuzwa. Babu na Dadi wamekwenda mbele ya haki, Baba Mkubwa yuko kwa binti yake, Foi ana chumba kimoja na paka. Wazazi wangu, nisamehewe kwa kucheka, wanaishi South Beach, ghorofa ya saba, na lifti inakufa. Mama ana jiko lake peke yake, siku zote saba, na hakuna wa kumuuliza. Jumatatu wanakula mkate na mayai. Jumanne baba hupasha moto kitu. Mimi kwangu nina bafu ambalo hakuna anayeligonga, na sahani isiyo na mpaka wowote, na ninaiona faida yake, sikatai, lakini kuna jioni natamani mtu aniibie kiazi. Alhamisi mama anajifunga kanga, anapika chakula cha watu kumi na mmoja, kisha anashika simu na kuanza kututafuta mmoja mmoja.

Alhamisi iliyopita nilipanda ngazi zile nikafika kabla ya wengine. Alikuwa anaswali. Nikaingia jikoni kimyakimya, nikafunua sufuria ya wali, mweupe na wa njano, punje moja moja. Nikafunua ya nyama, nikazamisha mwiko, na mwiko ukapanda na adesi. Niligeuka nikamkuta amesimama mlangoni, bado na mtandio wa swala. Nikamuuliza tangu lini biriani ya Tanga ina adesi. Alikuja akaninyang'anya mwiko, akafunika sufuria, akaniambia nikamwite baba yangu tule, na nisithubutu kumwambia Foi.